Saa janja kwa mama mwenye matatizo ya moyo: ni vipimo gani vya kumpelekea daktari?

Binti wa Pili anauliza:

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu wenye uzoefu wa vifaa vya afya vinavyovaliwa mwilini, hasa walio katika kazi ya tiba na wanaoishi na vifaa hivyo kila siku.

Mama yetu ana umri wa miaka 71 na kwa muda mrefu amekuwa akitumia dawa za shinikizo la damu. Tangu miezi kadhaa iliyopita analalamika kwamba moyo unamwenda mbio ghafla, wakati mwingine akiwa ameketi tu, wakati mwingine usiku akiwa kitandani; unapiga bila mpangilio kwa dakika chache, anahisi kizunguzungu chepesi, kisha unatulia wenyewe. Amepimwa umeme wa moyo, yaani ECG, mara mbili, na mara zote mbili karatasi ilitoka safi, kwa sababu alipofika kliniki hali ilikuwa imekwisha kupita. Daktari hakuyapuuza malalamiko yake, lakini alisema wazi kwamba hawezi kutibu kitu ambacho hajakiona.

Kaka yetu mkubwa sasa anataka tumnunulie saa janja. Ile aliyoiona inatangazwa kwamba inapima mapigo ya moyo, umeme wa moyo, oksijeni, presha, usingizi, msongo wa mawazo na hata sukari bila kuchoma ngozi. Hoja yake ni kwamba kifaa chenye uwezo huo kitampunguzia mama safari za kliniki. Mimi siipingi teknolojia, ila ninaogopa kumkabidhi mama namba nyingi ambazo sisi wenyewe hatujui zimetoka wapi. Je, katika vipimo hivyo vyote ni vipi ambavyo daktari anaweza kuvitegemea, na ni vipi ambavyo ni makisio? Je, saa inaweza kweli kunasa tatizo ambalo ECG ya kliniki imelikosa mara mbili? Nitashukuru kwa majibu ya kina, hata yakiwa marefu.

Fundi wa Vipimo anajibu:

Dada, nimefanya kazi ya kukagua vifaa tiba kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu upande wa vipimo na kuwaachia wauguzi na madaktari upande wa tiba. Jambo la kwanza ninalotaka mlielewe wewe na kaka yako ni kwamba orodha ile ndefu ya tangazo haina maana kwamba ndani ya saa kuna vifaa saba. Ukiifungua utakuta taa ndogo na vipokea mwanga, kihisi cha mwendo, pengine kihisi cha joto, na katika baadhi ya saa elektrodi mbili, yaani vipande vya chuma vya kupimia umeme wa moyo. Vitu vichache hivyo ndivyo vinavyopima. Namba nyingine zote zinakokotolewa na programu kutokana na vipimo hivyo, na kadiri ukokotoaji unavyokwenda mbali na kile kilichopimwa, ndivyo imani yetu inavyopaswa kupungua.

Tuanze na mapigo. Taa ya kijani iliyo mgongoni mwa saa humulika ngozi, damu hunyonya mwanga huo, na kila moyo unapopiga damu huongezeka kidogo kwenye kifundo cha mkono, hivyo mwanga unaorudi hupungua. Programu huhesabu hayo mawimbi. Njia hii ya kufuatilia damu kwa mwanga ilichunguzwa na Alrick Hertzman tangu miaka ya 1930, kwa hiyo si jambo jipya. Kilicho kipya ni udogo wa taa na nguvu ya kikokotozi. Mtu akiwa ametulia, na mkanda ukiwa umekaa vizuri, idadi ya mapigo kwa dakika inaaminika. Akitembea kwa kasi, akitikisa mkono, au mkono ukiwa wa baridi, kosa huongezeka, na wakati mwingine saa huhesabu mdundo wa hatua ikidhani ni mdundo wa moyo.

Umeme wa moyo ni kipimo kingine kabisa, ingawa katika kioo vinaonekana kama ndugu. Willem Einthoven alipochapisha kazi yake juu ya ECG mwaka 1903, mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi ili umeme hafifu wa moyo upate njia ya kufika kwenye mashine, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Saa inafanya jambo lile lile kwa chuma kinachogusa kifundo cha mkono mmoja na chuma kingine ambacho mtu anakigusa kwa kidole cha mkono wa pili. Mzunguko unafungwa kutoka mkono hadi mkono, na kwa sekunde 30 saa inarekodi mstari mmoja. Huo ni umeme halisi wa moyo, si makisio, na daktari anaweza kuusoma. Kasoro yake ni kwamba ni mstari mmoja tu, wakati ECG ya kliniki hutumia elektrodi 10 kuutazama moyo kutoka pande 12. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa mara ya kwanza uwezo huo katika Apple Watch, na kampuni nyingine zimefuata. Angalieni kwa makini kama saa anayoitaka kaka yako ina elektrodi hizo kweli, kwa sababu zipo saa zinazochora mstari unaofanana na ECG kutokana na taa peke yake, na mchoro wa aina hiyo haumsaidii daktari kitu.

Oksijeni inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa kuna suala la haki. Mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani alionyesha mwaka 1974 kwamba ukimulika damu inayodunda kwa mwanga wa rangi mbili, mwekundu na ule wa infraredi usioonekana kwa macho, unaweza kukadiria ni kiasi gani cha himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kimebeba oksijeni hiyo, kwa kuwa himoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya rangi hizo kwa viwango tofauti. Katika kifaa cha kidoleni mwanga hupenya upande mmoja na kupokelewa upande wa pili. Kwenye saa hauna pa kupenya, unategemea kurudi kutoka kwenye ngozi na mfupa, na ndiyo sababu ishara yake ni dhaifu zaidi. Melanini, yaani kitu kinachoipa ngozi weusi wake, nayo hunyonya mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha mwaka 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulinganisho wa vipimo vya kidoleni vya hospitalini na damu iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kilisema wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya wagonjwa Weusi walikuwa kwa kweli chini ya asilimia 88, ukilinganisha na asilimia 3.6 ya wagonjwa Weupe. Hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali, si saa za dukani. Mtu mwenye ngozi nyeusi anayehema kwa shida asikubali kutulizwa na namba nzuri iliyo kwenye kioo, na anayemhudumia asikubali pia.

Kuhusu presha, msimamo wangu ni mkali. Tangu Riva-Rocci alipobuni mkanda wa kujazwa hewa mwaka 1896 na Korotkoff akaeleza sauti za kusikiliza chini ya mkanda mwaka 1905, presha imekuwa ikipimwa kwa kuibana ateri na kuona ni kwa nguvu gani damu inashindwa kupita. Saa nyingi haziibani ateri yoyote. Zinatazama umbo la wimbi la damu na kukisia, na baadhi yake zinakutaka uzilinganishe na mkanda wa kawaida kila baada ya majuma 4, kisha zinakueleza umesogea kiasi gani kutoka pale. Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu ilishauri mwaka 2022 kwamba vifaa visivyo na mkanda visitumike kutambua ugonjwa wala kuamua dawa. Mwaka 2025 FDA iliruhusu saa ya Apple itoe taarifa ya uwezekano wa presha ya kupanda baada ya kukusanya data ya siku 30, lakini hata hiyo haitoi namba ya presha, na haikukusudiwa watu ambao tayari wanajulikana kuwa na ugonjwa huo, kama mama. Yeye anahitaji mkanda wa mkono wa juu uliohakikiwa. Zipo saa chache zenye mkanda mdogo wa hewa ndani yake, nazo ni habari tofauti, ila mkono lazima ushikwe usawa wa moyo kila mara.

Sukari bila kuchoma ngozi: msinunue. Mwezi Februari mwaka 2024 FDA ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Kwangu mimi dai hilo kwenye tangazo linatosha kuitilia shaka saa nzima, maana aliyekuwa tayari kuandika uongo kwenye mstari mmoja wa maelezo hana sababu ya kuwa mkweli katika mstari unaofuata.

Muuguzi wa Moyo anajibu:

Ninakubaliana na ndugu Fundi, na ninataka kujibu lile swali la pili la dada yetu, kwa sababu jibu lake ni ndiyo, tena ndiyo iliyo muhimu.

Ugonjwa wa mdundo wa moyo unaokuja na kuondoka hautupi taarifa. ECG ya kliniki huchukua sekunde 10 hivi, na tunategemea bahati kwamba moyo utakorofisha ndani ya sekunde hizo. Tatizo hili ndilo lililomsukuma Norman Holter wa Marekani, katika miaka ya 1940, kutengeneza kifaa cha kurekodi umeme wa moyo wa mtu akiwa katika shughuli zake. Kifaa chake cha kwanza kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa takriban kilo 38. Leo jina lake limebaki kwenye kipimo cha Holter tunachowavisha wagonjwa kwa saa 24 au 48, na vipo vibandiko vya kifuani vinavyorekodi mfululizo kwa siku 14. Kwa hiyo, kabla hamjanunua chochote, rudini kwa daktari mkaulize kuhusu Holter au kibandiko. Mtu wa miaka 71 mwenye presha, mapigo yasiyo na mpangilio na kizunguzungu anastahili kipimo hicho, na ninasema hivyo bila kusita. Saa ije kama msaidizi wa kipimo hicho.

Tunachokitafuta hasa kwa mtu kama mama ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Vyumba hivyo, badala ya kubana na kuachia kwa utaratibu, vinapapatika. Damu inatuama kwenye kona zake, inaweza kuganda, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo linaleta kiharusi. Hatari ya kiharusi huongezeka takriban mara 5. Dawa za kuzuia damu isigande hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini zina hatari yake ya kusababisha kuvuja damu, na kwa hiyo daktari hazianzishi kwa kudhani.

Utafiti mkubwa uliofanywa na Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na Apple, uliochapishwa mwaka 2019, ulihusisha watu 419,297. Waliopata taarifa ya mdundo usio wa kawaida walikuwa asilimia 0.52 tu. Waliopewa taarifa walitumiwa kibandiko cha ECG wakivae hadi siku 7, na miongoni mwa 450 waliokirudisha kikiwa na data, asilimia 34 walikutwa na mpapatiko. Wengine huisoma asilimia 34 kama kushindwa kwa saa. Sivyo. Kibandiko kilivaliwa siku kadhaa baada ya taarifa, na mpapatiko wa kuja na kuondoka unaweza kuwa umepumzika. Pale saa na kibandiko vilipokuwa vimevaliwa kwa pamoja na saa ikatoa taarifa, asilimia 84 ya taarifa hizo zililingana na mpapatiko kwenye kibandiko.

Hata hivyo kunasa si kuponya, na hapa ningependa tuwe waaminifu. Nchini Denmark watafiti waliwagawa watu 6,004 wenye umri wa miaka 70 hadi 90, wenye vihatarishi kama presha na kisukari, baadhi wakawekewa chini ya ngozi kifaa kinachofuatilia moyo muda wote na wengine wakahudumiwa kwa njia ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2021: mpapatiko uligunduliwa kwa asilimia 31.8 ya waliowekewa kifaa dhidi ya asilimia 12.2 ya wengine, lakini tofauti ya kiharusi haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa. Inaelekea kwamba vipindi vifupi sana vya mpapatiko havina hatari sawa na vile vinavyodumu kwa masaa mengi. Mama yenu yuko katika hali tofauti kidogo, kwa kuwa yeye ana dalili anazozihisi, wakati wale walikuwa wanatafutwa tu. Lakini ninaeleza haya ili msishangae daktari akiona rekodi ya dakika mbili na asikimbilie dawa siku hiyo hiyo.

Mkipata saa yenye elektrodi, mfundisheni mama hivi. Moyo ukianza kumwenda mbio, aketi, aweke mikono yote miwili juu ya meza au mapajani, aguse chuma kwa kidole na atulie bila kuongea hadi sekunde 30 ziishe. Arekodi mara mbili au tatu. Kisha yeye au mmoja wenu aandike wakati wa tukio, alichokuwa akifanya na alivyojisikia, maana mstari usio na maelezo ni nusu ya habari. Rekodi ihifadhiwe na kuchapishwa au kutumwa kwa daktari ikiwa mzima. Picha ya kioo cha simu iliyokatwa pembeni imewahi kunisumbua mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mzee mmoja niliyewahi kumhudumia alikuwa amekuja kliniki kwa mwaka mzima akiambiwa ni wasiwasi tu, hadi siku mjukuu wake alipoleta karatasi moja ya sekunde 30. Daktari aliitazama, akamwomba radhi mbele yetu, na matibabu yakaanza wiki hiyo.

Sasa onyo ambalo ningependa kaka yako alisome mara mbili. Saa haitambui shambulio la moyo. Mshipa wa moyo ukiziba, mstari mmoja wa saa unaweza kuonekana wa kawaida kabisa, na programu ikaandika kwamba mdundo hauna dalili ya mpapatiko, ambalo ni kweli, huku msuli wa moyo ukifa. Maumivu au uzito kifuani unaoenda begani, mkononi au tayani, jasho jembamba, kuhema kwa shida, uso kupinda upande mmoja, ulimi kuwa mzito, mkono kulegea: hayo yote ni ya kukimbilia hospitali bila kuitazama saa.

Miaka Ishirini na Insulini anajibu:

Mimi si mtaalamu, ila nimeishi na kisukari cha aina ya kwanza zaidi ya miaka 20, na kwa miaka 6 iliyopita nimevaa kihisi cha sukari mkononi. Ninaandika kwa sababu jibu la Fundi kuhusu sukari linaweza kumfanya msomaji adhani vifaa vyote vya kuvaa vya kisukari ni uongo. Kile ninachovaa mimi hutoboa ngozi. Uzi mwembamba unaingia chini ya ngozi, una kimeng'enya kinachoitikia glukosi, na kutokana na itikio hilo mkondo mdogo wa umeme hupimwa na kutumwa kwenye simu kila baada ya dakika chache. Kinakaa siku 10 hadi 14 kulingana na aina, kisha kinabadilishwa.

Hata hicho lazima ukijue tabia. Uzi hauko ndani ya damu, uko katika majimaji yaliyo kati ya seli, kwa hiyo namba huchelewa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15. Sukari ikiwa imetulia, ucheleweshaji huo hausumbui; ikiwa inashuka kwa kasi, unaweza kuwa tayari uko chini wakati kioo bado kinakutuliza. Ndiyo sababu nimejifunza kutazama mshale wa mwelekeo kabla ya namba. Tena ukilalia mkono wenye kihisi, mgandamizo hupunguza majimaji pale na kifaa hulia kwamba sukari imeshuka, kumbe haijashuka. Mwanzoni hali hiyo iliniamsha usiku mara nyingi hadi nikazima vilio vyote, na usiku wa tatu baada ya kuvizima sukari ilishuka kweli, na mume wangu ndiye aliyenikuta nimeloa jasho na siwezi kuongea. Nilivirudisha asubuhi ile. Kilichohitajika kilikuwa kuhamisha kihisi kwenye mkono ambao siulalii na kupunguza vilio vya mambo madogo, kibaki kile kimoja cha kuokoa maisha.

Kuna hatua moja mbele zaidi ambayo kwangu ndiyo maendeleo makubwa kuliko saa zote. Mwaka 2016 FDA iliidhinisha mfumo wa kwanza ambamo kihisi kinazungumza na pampu ya insulini, na pampu inajipunguza au kujiongeza yenyewe kati ya milo. Mvaaji bado analazimika kuiarifu kuhusu chakula, lakini usiku wa mtu mwenye kisukari na wa mzazi mwenye mtoto mgonjwa umebadilika. Namba ninayopata ina kazi ya kufanya: kula kitu kitamu, kuongeza dozi, kusubiri. Dada, jaribu kuuliza hivyo kwa kila kipimo cha saa ya mama: akiona namba hii, atafanya nini? Kwa umeme wa moyo mna jibu. Kwa namba ya msongo wa mawazo sidhani kama mnalo.

Binti wa Pili anaandika tena:

Nimesoma kila neno, nami nimemsomea kaka kwa simu. Amekubali kwamba tuanze kwa kuomba Holter, na kwamba ile saa ya sukari hatuitaki tena. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mama ni mtu wa wasiwasi. Tulipomletea mashine ya presha alianza kujipima mara kumi kwa siku, na kila alipojipima presha ilipanda. Je, saa haitamzidishia? Na mimi mwenyewe nina miaka 34, sina dalili yoyote. Je, nami nivae ili niwahi kujua?

Fundi wa Vipimo anajibu:

Nianze na swali lako wewe, dada, kwa sababu linajibiwa na hesabu. Tuchukulie kwa mfano kifaa kinachonasa 95 kati ya wagonjwa 100, na kinachokosea kwa mtu mmoja kati ya wazima 100. Kivalisheni vijana 1,000 ambao 2 tu kati yao wana mpapatiko: kitawataja hao 2, na pamoja nao kitawataja wazima karibu 10. Mtu akipata taarifa katika kundi hilo, yumkini ni mzima. Kivalisheni sasa wazee 1,000 ambao 80 kati yao wana ugonjwa: kitawataja wagonjwa 76 na wazima 9 hivi, kwa hiyo taarifa ile ile sasa ni ya kuaminiwa. Namba hizo ni za kufikirika, lakini mwenendo wake ni wa kweli kwa kila kipimo duniani. Kifaa hakikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu waliokivaa. Ukipenda kuvaa kwa ajili ya kuhesabu mwendo na kujihimiza kutembea, vaa. Kutafuta ugonjwa usio na dalili ukiwa na miaka 34 kutakuletea taarifa za bure zaidi kuliko za kweli.

Msomaji wa Masharti anaongeza:

Neno fupi, kwa kuwa hakuna aliyelitaja. Rekodi ya moyo wa mama itakaa kwenye seva za kampuni. Katika Umoja wa Ulaya sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika mwaka 2018 inaziweka taarifa za afya katika kundi la kulindwa zaidi, lakini nchini Marekani sheria ya faragha ya hospitali, HIPAA, kwa kawaida haigusi data ambayo mtu ameikusanya mwenyewe kwa saa aliyoinunua. Kwenye mipangilio zimeni ruhusa ya kushirikisha data na wengine, fungueni akaunti kwa jina la mama mwenyewe, na hakikisheni kwamba rekodi zinaweza kutolewa kama faili. Kampuni ikifunga huduma, historia isipotee nayo.

Muuguzi wa Moyo anajibu:

Kuhusu wasiwasi wa mama: unalofahamu kuhusu mashine ya presha ndilo nitakalolitegemea. Wagonjwa wa namna yake nimewaona wengi, na kuwanyang'anya kifaa hakuwasaidii, kwa sababu hofu inabaki bila pa kushika. Kinachosaidia ni kuipunguza saa. Zimeni oksijeni, msongo, alama za usingizi na kila namba inayojitokeza yenyewe kwenye kioo, ibaki saa ya kawaida yenye kazi mbili: taarifa ya mdundo usio wa kawaida, na rekodi ya sekunde 30 anapohisi dalili. Mwambieni mapema, kabla ya tukio lolote, kwamba taarifa ikija si amri ya kukimbia bali ni ya kuwapigia ninyi simu na kurekodi. Mwambieni pia kwamba ukimya wa saa si cheti, maana nyingi hazichunguzi mdundo mfululizo. Hukagua kwa vipindi, mtu akiwa ametulia, na huhitaji vipimo kadhaa vyenye kasoro kabla ya kutoa taarifa. Kwa hiyo akihisi moyo unakwenda ovyo na saa imenyamaza, arekodi hivyo hivyo. Na presha mpangieni asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kulala, akiwa ameketi dakika 5 bila mazungumzo, kisha mashine irudi kabatini.

Mkanda wa saa ukae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, umeshika bila kubana. Mmesema matukio mengine humjia usiku, na wengi huvua saa usiku kuichaji, kwa hiyo usiku ndio unaokosekana kwenye rekodi. Aichaji wakati wa kuoga asubuhi na kunywa chai, kisha aivae tena.